Banda Lisilo na Kibao

"Mwalimu, shikamoo."

Niliinua kichwa kutoka kwenye mashine. Langoni alisimama kijana niliyemfundisha fizikia kidato cha tatu na cha nne, yule wa dawati la nyuma, hodari wa maswali na mvivu wa kuandika. Sasa ni bodaboda, kijiwe chake kiko upande wa soko la Mgandini. Mkononi alikuwa na bushi mbili ndani ya karatasi ya gazeti, nyeusi kwa grisi, moja imelika upande mmoja hadi imekuwa nyembamba kama ganda la yai.

"Za swingamu hizi," akasema, yaani ule mkono wa chuma unaobeba gurudumu la nyuma. "Gurudumu la nyuma linacheza, abiria wananisema. Nimesikia una mashine ya kukereza."

"Zinakerezeka. Niachie."

"Shingapi, mwalimu?"

Hapo nikakwama. Mashine hiyo, inayozungusha chuma huku kisu kikikichonga, nilikuwa nayo zaidi ya mwaka, na hakuna aliyewahi kuniuliza neno hilo. Nikamwambia asijali, aje kuzichukua mwisho wa wiki, hakuna cha kulipa.

"Sawa, mwalimu. Asante."

Akawasha pikipiki akaenda zake. Lakini uso wake haukuwa wa mtu aliyepata cha bwerere. Ulikuwa uso wa mtu ambaye makubaliano yake hayajafungwa.

Uso ule umenikaa kichwani wiki nyingi, ndiyo maana naandika.

## Kipya kinyemi

Hadithi ya kuagiza sitaisimulia. Siku hizi kila mtu ana wakala wake Kariakoo, na kila wakala ana visingizio vilevile. Nitasema moja tu kwa anayefikiria kufanya kama mimi: mizigo midogo ya meli kutoka China hutozwa zaidi kwa ujazo kuliko kwa uzito, na chuma sifa yake ni kuwa kizito mahali padogo. Mashine ya kilo 40 ilikuja ndani ya sanduku la mbao ninaloweza kulikumbatia, kwa hiyo nauli haikuniua. Kutoka Dar ikapanda lori, Chalinze, Segera, hadi Tanga. Kutoka stendi hadi Makorora ikapanda mkokoteni, na watoto wa mtaa nyuma yake.

Ni aina ndogo kabisa ya mashine za kukerezea chuma. Juu ya kitanda chake kinaweza kuzunguka kitu cha kipenyo cha mm 180, urefu kati ya ncha na ncha ni mm 300, na chaki yake ya taya tatu, yaani kibanio kinachoshika chuma kikizunguka, ina kipenyo cha mm 80. Mota ni wati 550, pungufu ya pasi ya umeme. Ukitaka kukereza shafti ya fuso, umepotea njia.

Nilipofungua sanduku nilikuta imepakwa grisi nyekundu, nzito, ya kuikinga na kutu baharini. Nilishinda kutwa na mafuta ya taa na mswaki mkuukuu. Chini ya grisi kulikuwa na kingo kali za kukata kidole, unga wa chuma uliosahauliwa kiwandani, na skrubu ambazo ni wazi hakuna aliyezikaza. Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema wahenga. Kinyemi nilikiona siku hiyo. Kidonda nilikiona nilipokata chuma cha kwanza.

Kisu kiligusa, mashine ikalia. Sauti nyembamba ya kukera meno, na juu ya chuma yakabaki mawimbi madogo yaliyopangana sawasawa kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Kinachotokea ni hiki. Chuma kinakisukuma kisu, kisu kinarudi nyuma nywele moja, kisha kinajirusha mbele tena, mara mamia kwa sekunde. Dawa yake ni ukakamavu: kila kiungo kati ya kisu na chuma kikazwe hadi kisiwe na nafasi ya kupumua. Mashine kubwa hupata ukakamavu huo kutokana na uzito wake. Hii ndogo inabidi uutafute wewe, skrubu kwa skrubu.

## Mahali pa kukaza

Nilianza na slaidi, zile sehemu zinazoteleza kukisogeza kisu. Kila slaidi ina ubamba mwembamba pembeni, unaosukumwa na skrubu ndogo ili isicheze. Za kwangu zilikazwa kwa kubahatisha. Nikazitoa, nikausugua ubamba juu ya kioo kilichobandikwa msasa laini hadi ukalala wote, nikarudisha na kukaza robo mzunguko, nikisukuma kwa mkono kila mara. Ikikaza mno haisogei, ikilegea kidogo tu umerudi kwenye kelele. Chini ya gari linalobeba kisu kulikuwa na mwanya mwingine. Huo niliuziba kwa vipande vya kopo la soda, ambalo bati lake lina unene wa karibu mm 0.1. Kopo la soda ni spea bora kuliko nyingi nilizonunua.

Kisha beringi. Shafti ya kati, ile inayoizungusha chaki, ilikuja na beringi za gololi, namba 6206. Namba za beringi zinafahamika dunia nzima. Ukizitaja kwenye duka la spea hapa mjini, muuzaji hakuulizi zinakwenda wapi. Mimi niliomba 30206, za rola zilizolala mshazari. Ndani ni mm 30 kama zile, nje ni mm 62 kama zile, ila upana ni mm 17.25 badala ya 16. Hiyo milimita moja na robo ndiyo kazi yenyewe, maana ni lazima uipunguze mahali pengine ili shafti ikae. Faida yake ni kwamba rola za mshazari unazibana kwa nati ya nyuma hadi mchezo wote uishe. Gololi za kawaida hazikubali kubanwa hivyo.

Meza nayo ina lake. Ukiifunga mashine kwa bolti juu ya meza isiyo sawa, kitanda kinajipinda bila jicho kuona, na chuma kinatoka kinene huku na chembamba kule. Nilibana chuma cha sentimita 15, nikaacha pete mbili, moja karibu na chaki na nyingine mbali, nikazikata zote kwa mkato uleule bila kugusa kisu, kisha nikapima. Zikitofautiana unaweka kipande cha karatasi chini ya mguu mmoja, unakata tena. Siku hiyo nilijua kwamba karatasi ya daftari la mwanafunzi inaweza kupinda chuma cha kuyeyushwa.

Umeme na kutu nitavipita haraka. Mashine inapita kwenye kifaa kilekile cha kulinda friji, kwa sababu bodi inayoongoza mota haipendi umeme unaopanda na kushuka, na bodi hiyo haiuzwi Tanga. Kuhusu kutu, anayeishi karibu na bahari hahitaji kufundishwa. Ukisahau kupaka oili juu ya kitanda wakati wa masika, asubuhi unakuta rangi ya chungwa. Na bandani siingii na msuli wala kanzu. Shafti inayozunguka ikidaka kona ya nguo haiachii.

Badiliko kubwa lilikuwa kishikio cha kisu. Chini yake kuna slaidi ndogo ya juu, inayogeuzwa pembe yoyote, na ndiyo kiungo dhaifu kuliko vyote. Wengi huiondoa wakaweka tofali zima la chuma. Faida yake unaisikia kwa sikio siku hiyohiyo. Hasara yake ni kwamba slaidi ile ndiyo inayokata mshazari, na ukiigeuza kama nyuzi 6 tu kutoka kwenye mstari wa kitanda, kila milimita inayosogea slaidi inasogeza kisu sehemu ya kumi tu ya milimita kuelekea chuma. Yaani unapoteza mkono wako wa kazi nyororo ili upate mkono wa nguvu.

Nilisita sana kabla ya kuiondoa. Niliiondoa.

## "Imezaa nini?"

"Baba Salma," mke wangu aliniambia jioni moja akiniletea chai bandani, "hiyo mashine yako imezaa nini zaidi ya kujizaa yenyewe?"

Nikatazama. Wenzo wa kukazia kichwa cha nyuma, nimeukereza mimi. Kifundo cha mpini, mimi. Washa nene za miguu, kizuizi cha gari, kifuniko cha skrubu ndefu, vyote kazi ya mikono yangu na vyote vimefungwa kwenye mashine ileile iliyovitengeneza. Nje ya mashine kulikuwa na pini moja ya pedeli ya baiskeli, iliyonichukua mchana mzima. Dukani ni bei ya chapati mbili.

Alicheka, nikacheka. Lakini swali lake na "shingapi" la yule kijana ni ndugu.

Mashine nyumbani, hapa kwetu, maana yake ni mtaji. Cherehani barazani, hapo pana fundi nguo. Friza kubwa ukumbini, hapo panauzwa barafu. Ukisikia grainda nyuma ya ukuta, unauliza bei ya geti. Mtu akivua kwa mshipi Raskazone siku ya Jumapili, hakuna anayemuuliza anauza wapi. Bao na karata vina vijiwe vyake na heshima yake. Chuma bado hakijapata ruhusa hiyo. Mwanamume mzima anayekata chuma kwa raha zake, bila kibao nje, bila namba ya simu ukutani, anatia watu wasiwasi kidogo.

Na katika mji huu chuma kilikuja na kazi tangu mwanzo. Mwaka 1893 Wajerumani walianza kutandika reli kutoka Tanga, na mwaka huohuo Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, akaingiza miche ya mkonge. Mkonge si shamba tu, ni kiwanda: mashine ziitwazo korona, za kukwangua majani, zinakula beringi na shafti msimu hadi msimu, na shamba lililo mbali na mji halina budi kuwa na karakana yake na mkereza wake. Katikati ya miaka ya 1960 nchi ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka. Kisha kamba za plastiki zikaangusha bei, mashamba mengi yakawa mikononi mwa serikali baada ya Azimio la Arusha la 1967, mengine yakafa polepole. Mashine za karakana hazikufa. Baadhi zilihamia mitaani pamoja na watu waliozijua.

Mmoja wa watu hao ndiye niliyempelekea tofali langu la chuma, lile la kukaa mahali pa slaidi ndogo, anikerezee.

## Ngamiani

Karakana yake iko kwenye mojawapo ya zile barabara zenye namba. Ni giza ndani, na katikati limekaa dubwana la Kiingereza lenye kitanda kirefu kuliko kitanda changu cha kulalia. Vipimo kwenye mikono ya mashine hiyo ni vya inchi. Mzee mwenyewe alianza kazi akiwa kijana kwenye karakana ya shamba la mkonge, na hadi leo hesabu zake ni za thau, yaani sehemu ya elfu ya inchi. Mimi namwambia mm 0.25, yeye ananijibu thau kumi, tunaelewana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Nasikia una mashine."

"Ndogo tu, mzee."

"Uzito?"

"Kilo arobaini."

Alifikiri, kisha akaigonga kwa kidole chaki yake kubwa ya taya nne. "Hii hapa inakaribia hizo," akasema. Hakucheka wala hakudharau, alikuwa anapima tu.

Alilibana tofali langu, akaligeuza kwa mkono huku ameshika chaki iliyochongoka karibu na uso wa tofali, chaki ya ubaoni, akaangalia pale ilipogusa, akalegeza taya moja, akakaza ya mkabala. Mara mbili, basi, likawa katikati. Mimi kwa kazi hiyo natumia saa ya kupimia yenye sumaku na nusu saa yangu. Alipoanza kukata alikuwa anatazama nje, barabarani. Nilidhani hajali. Sauti ilipobadilika kidogo, mkono wake ulipunguza mwendo kabla shingo haijageuka.

Nilirudi kwake tena kwa ajili ya zile bushi. Nilihitaji shaba ya bushi, ile ngumu iliyochanganywa na bati, na kwenye pipa lake la vipande hakosi.

"Ya nini?" akauliza.

Nikamweleza.

"Umemwambia shingapi?"

"Bure, mzee. Alikuwa mwanafunzi wangu."

Hakusema kitu. Alikata kipande, akakipima kwenye mizani, akanitajia bei. Nilijaribu kuomba apunguze, kama tulivyozoea. Siku hiyo hakupunguza hata mia.

## Bushi mbili

Nataka kueleza kazi yenyewe, kwa sababu ndiyo raha yenyewe, na kwa sababu bila kuielewa mtu atadhani nalialia kwa vipande viwili vya shaba.

Kipenyo cha nje cha bushi kilitakiwa kiwe mm 28 na nywele kidogo. Tundu la swingamu nililipima mm 28.00, na bushi lazima iwe pana kuliko tundu ili ikiingia isitoke: kama mm 0.02 hadi 0.03. Chini ya hapo itazunguka ndani ya tundu na kulila. Zaidi ya hapo utapasua chuma cha pikipiki ya mtu. Ndani ipite pini yake, bila kubana, bila kucheza.

Kwa kasi ya kukata ya mita 30 kwa dakika, shaba ya mm 28 inataka mizunguko kama 340. Niliiweka hapo. Kisu nilikuwa nimekinoa mwenyewe kwenye grainda, chuma cha kawaida cha visu vya kukerezea, si vile vya vipande vya kufunga kwa skrubu. Vile vinapenda mashine yenye nguvu na mkato mzito. Mashine yangu inataka makali ya kunyolea. Ushauri wangu kwa anayeanza ni huu: kabla ya kununua pambo lolote la mashine, jifunze kunoa. Nusu ya kelele zangu za mwanzo zilikuwa za kisu kibutu.

Maranda ya shaba hayajisokoti kama ya chuma laini. Yanaruka vipande vidogo vya dhahabu, vinaingia kwenye kola ya shati na kukuchoma. Mstari mmoja kwenye mkono wa kusogezea kisu ni mm 0.025, lakini kipenyo hupungua mara mbili yake, yaani 0.05. Na mimi nilikuwa natafuta 0.02. Hapo ndipo slaidi ndogo niliyoiondoa ilipokuja kunidai. Ningekuwa nayo, ningeigeuza nyuzi 6 na kazi ingekuwa rahisi. Sasa ilinibidi niugawe mstari kwa macho, niguse, nipime, nisubiri.

Kusubiri ni lazima. Shaba ikipata joto inanenepa: kipande cha mm 28 kikipanda nyuzi 30 kinaongezeka kama mm 0.015, na hiyo ni zaidi ya nusu ya kile ninachokitafuta. Ukipima kikiwa moto unajidanganya. Nilikuwa nakata, nazima, natoka nje chini ya mwarobaini, narudi. Bushi ya pili ilimalizikia kwa msasa namba 600, mikono mitupu, bila glavu, mikono ya shati imekunjwa juu ya kiwiko.

Usiku nikaziweka kwenye friza, ndani ya mfuko, kando ya vibua. Zikitoka nyuzi 30 za Tanga hadi nyuzi 18 chini ya sifuri, zinasinyaa zaidi ya mm 0.02, na hiyo inatosha kuzifanya ziingie kwa kubanwa na jiliwa bila nyundo. Mke wangu alizikuta asubuhi akitafuta samaki. Hakuuliza.

Kijana alikuja na swingamu yake, tukazibana, zikaingia kwa mlio mmoja mfupi, zikatulia. Pini ikapita kwa kusukumwa na kidole gumba.

Ukiniuliza zile bushi mbili zina thamani gani, ukijumlisha shaba na alasiri zangu mbili, hakuna bodaboda Tanga angezinunua. Umeme hata sihesabu; mota ya wati 550 ikifanya kazi saa nzima bila kupumzika haimalizi uniti moja ya LUKU. Mzee wa Ngamiani angezifanya zote mbili muda wa kikombe cha kahawa, na angetoza bei ya mtu anayejua anachofanya. Kwa hiyo kwa hesabu ya muda bei yangu ni ya wazimu, kwa hesabu ya soko nakula hasara, na bure, kama nilivyofanya, kuna uso wa kijana na mkono wa mzee usiopunguza mia.

## "Iko poa tu"

Siku zilizofuata nikawa nasikiliza pikipiki.

Sifanyi utani. Nikiwa darasani, nikiwa msikitini, pikipiki ikipita barabarani sikio langu linaifuata. Bushi ile imebeba gurudumu la nyuma. Juu ya gurudumu kuna abiria, mara nyingine mama na mtoto mgongoni. Nilipima, nilijua nilichopima, lakini kupima ukiwa kwenye benchi si sawa na mashimo ya njia ya Mabawa ukiwa umepakiza watu wawili na gunia.

Nikamfuata kijiweni.

"Zile bushi zinaendeleaje?"

"Iko poa tu, mwalimu."

"Haichezi?"

"Iko poa."

"Hakuna mlio ukipita kwenye matuta?"

Akawatazama wenzake, akacheka kidogo kwa heshima. "Mwalimu, iko poa."

Nilirudi nyumbani sijui lolote. Kijana huyu angeniambia nini? Mimi ni mwalimu wake, na kile ni kitu alichopewa. Kwa malezi yetu, mtu aliyepewa haulizi kwa nini kimepinda. Bushi ingelia kama paka asingesema. Angemtafuta fundi mwingine kimyakimya, akazing'oa zangu, akaendelea kunishukuru kila tukionana.

Hapo ndipo nilipouelewa uso wake wa langoni.

Nilidhani aliposema "shingapi" anaogopa gharama. Kumbe alikuwa anaomba kitu kingine. Ukimlipa fundi, hata elfu mbili, umejinunulia ruhusa ya kurudi na kumwambia, "Fundi, hii mbona hivi?" Umempa yeye dhamana, naye ameipokea mbele ya macho yako. Mimi nilimnyima kijana ruhusa hiyo kwa ukarimu. Na mzee naye aliona wazi: aliyesema bure hajasema atawajibika.

Sasa naweza kubishana na nafsi yangu kidogo. Kuna watu ninaowafanyia vitu bure na wananikosoa waziwazi, shemeji zangu hasa. Na kuna mafundi wanaolipwa na ukirudi wanakufungia mlango. Pesa peke yake haileti uwajibikaji. Lakini kati yangu na mtu nisiyelingana naye umri wala cheo, sijaona njia nyingine inayompa yeye haki ya kufungua mdomo bila kuonekana hana adabu.

Niliomba aniletee pikipiki niikague. Hakuja. Basi nikamvizia jioni moja akiwa anaosha pikipiki, nikalishika gurudumu la nyuma kwa mikono miwili na kulitikisa kushoto kulia, wenzake wanatazama. Halikucheza. Alinionea huruma, nadhani.

## Elfu tano

Kibao sijaweka. Mashine bado ni ya raha zangu, na mwezi ujao nitairudisha ile slaidi ndogo kwa kazi nyororo. Nimekereza pini mbili za kuipanga ili kuibadilisha na tofali iwe kazi ya dakika chache. Vitu vya breki, usukani na magurudumu nawaelekeza Ngamiani. Feni, kufuli, pampu ya kisima, kitasa cha mlango wa kizamani, karibu. Na kila kimoja kina bei, naitaja kabla sijawasha mota.

Wa kwanza kuisikia alikuwa bibi mshonaji wa mtaa wa pili. Puli ndogo ya mota ya cherehani yake ilikuwa imepasuka. Mzee ndiye aliyemtuma kwangu, maana chaki yake ni kubwa mno kwa kitu cha ukubwa wa kifuniko cha chupa, na alimpa na maneno ya kuniletea: nisimfanyie chini ya elfu tano.

"Elfu tano, bibi."

"Elfu tatu."

"Bibi, mzee amesema."

"Mzee ananunua nyanya zangu?"

Tukaishia elfu nne. Nilimkerezea puli kutoka kwenye alumini ya pistoni ya zamani, nikaukata mfereji wake kwa kipimo cha mkanda aliouleta, akaondoka nayo.

Haukupita muda akarudi. Hakunisalimia vizuri. Mkanda unaruka, akasema, cherehani inasimama katikati ya mshono, na kuna sare za shule zinamsubiri. Nilitazama: alikuwa amenunua mkanda mpya, mnene kuliko ule mkuukuu nilioupima, na badala ya kuzama katikati ya kuta mbili za mfereji ulikuwa umekaa juu ya midomo yake. Nikaibana puli tena, nikaupanua mfereji kidogo kidogo huku nikiujaribisha mkanda, hadi ukashikwa pembeni bila kugusa chini.

Alisimama juu ya kichwa changu muda wote. Alipoipokea aliizungusha kwa kidole, akaichungulia upande huu na upande ule.

"Na ile elfu nne, mwalimu," akasema akitoka, "ulinipiga."